Kuficha, Kusitiri na Kunyemelea: Vitenzi vya Usiri katika Masimulizi ya Mahandaki ya Wachagga

1.0 Utangulizi

Katika miteremko ya Kilimanjaro, hususani Marangu, yangalipo mahandaki yaliyochimbwa na Wachagga kabla ya ukoloni ili kuwanusuru watu na mifugo wakati wa mashambulizi. Masimulizi ya mahandaki hayo kwa Kiswahili hutumia vitenzi vya pande mbili: mvamizi *hunyemelea*, *huvizia* na *huotea*, mkazi *hujificha*, *hujisitiri* au *hujihifadhi*. Mara nyingi kamusi hufafanua vitenzi vya kila kundi kwa kurejeleana, kana kwamba ni visawe. Makala haya yanaonesha kwamba sivyo, na kwamba uteuzi wa kitenzi hubeba hukumu juu ya mtendaji.

2.0 Vitenzi vya Anayeshambulia

*Nyemelea* hudai mwendo wa polepole kuelekea shabaha. Ndiyo maana husemwa "usingizi unamnyemelea" au "uzee unamnyemelea": nia ya hila imeondoka, mwendo umebaki. *Vizia* hudai kusubiri kwenye nia. Kwa hiyo "usingizi unamvizia" ni tungo inayokubalika kwa tashihisi tu. *Otea* hukaribiana na *vizia*, lakini mkazo wake umo katika mahali alipojiweka anayesubiri. Ushahidi upo katika lugha ya soka: mchezaji aliyeotea huonekana na uwanja mzima, wala hajajificha popote, kosa lake ni mahali alipo wakati mwenzake anapompigia mpira. Kwa hiyo usiri si sifa ya lazima ya vitenzi hivi vyote. Sifa zinazovitofautisha ni mwendo, nia na mahali.

3.0 Vitenzi vya Anayejilinda

*Ficha* ni kitenzi cha Kibantu. *Sitiri* kimetoka katika Kiarabu, chenye maana ya kufunika. Tofauti yao hudhihirika katika sintaksia. Katika "alimficha ndugu yake", ndugu ndiye aliyewekwa mahali asipoonekana. Yambwa ya pili ikiongezwa, "alimficha ndugu yake habari", ndugu yuleyule hugeuka kuwa aliyenyimwa. *Sitiri* haina mgeuko huo: katika "alimsitiri ndugu yake", ndugu ni mfaidika, na hakuna tungo ya "*alimsitiri ndugu yake habari".

Methali huthibitisha jambo hilo. Kusitiri uchi ni adabu inayosifiwa, lakini "mficha uchi hazai" ni karipio. Kinachofunikwa ni kilekile. Kilichobadilika ni uhusiano na mtu wa tatu. Anayekaripiwa anawaficha wale wanaoweza kumsaidia. Vivyo hivyo, "mficha maradhi kifo humuumbua" haiwezi kusemwa kwa *msitiri* bila kuharibu maana. *Ficha*, basi, si kitenzi kibaya kwa asili. Hupata ubaya pale anayenyimwa anapokuwa na haki ya kujua.

4.0 Handaki na Uteuzi wa Kitenzi

Neno *handaki* limetokana na Kiarabu *khandaq*, yaani mtaro wa kumzuia adui, kama ule uliochimbwa Madina mwaka 627. Mtaro huo ulifanya kazi yake ukionekana. Handaki la Uchaggani lilifanya kazi yake kwa kutoonekana: mlango wake ukijulikana, faida yake hupungua. Nomino haibebi sifa hiyo, wala *pango*, ambalo kwa kawaida hudokeza kazi ya maumbile badala ya jembe. Ni lazima sifa hiyo ibebwe na kitenzi.

"Walijihifadhi" hupoteza usiri. "Walijisitiri" huingiliwa na tafsida ya kwenda haja. "Walijificha" ndicho kitenzi sahihi, lakini kikiachwa peke yake huweza kudokeza woga, ilhali kuchimba mwamba na udongo kwa mikono ni kazi ya watu waliojipanga. Hukumu hiyo huondoka washiriki wote wanapotajwa: "waliwaficha watoto na mifugo wasionwe na wavamizi". Hapo msomaji anamwona aliyenyimwa, na anaona kwamba hakuwa na haki ya kupewa.

5.0 Hitimisho

Fasili ya kitenzi cha usiri haikamiliki kwa kutaja kisawe chake. Inapasa kidahizo kioneshe nani anafichwa, nani ananyimwa na kama mtendaji anakwenda au anasubiri. Bila hayo, mwanafunzi anayeandika historia ya Uchaggani kwa Kiswahili atakuta kamusi imempa mvamizi na mkazi maneno yasiyopambanuliwa, na kosa la kamusi litasomeka kama tabia ya watu.