Hasira, Hamaki na Harara

Wasomaji wetu watakubali kwamba neno "hasira" limebebeshwa mzigo mkubwa kupita kiasi. Anayewafokea watoto kwa sababu ya njaa huambiwa ana hasira. Anayemnunia jirani yake mwaka mzima naye huambiwa vivyo hivyo. Hata hivyo, Kiswahili hakikupungukiwa na maneno ya kupambanua hali hizi.

"Ghadhabu" ni hasira iliyo kali. "Kinyongo" ni chuki iliyofichwa moyoni. "Kuhamaki" ni kushikwa na hasira kwa ghafla, pengine kwa jambo dogo, kama afanyavyo abiria aliyekanyagwa kidole ndani ya basi. "Harara", neno ambalo asili yake katika Kiarabu ni joto, hutumika kwa tabia ya mtu aliye mwepesi wa kukasirika. Hivyo basi, kuhamaki ni tendo, na harara ni tabia.

Tofauti hii si pambo la lugha. Mgonjwa wa kisukari ambaye sukari imepungua mno katika damu yake huweza kutokwa na jasho, kutetemeka, na kuwafokea watu bila ya sababu. Muuguzi akiandika kwamba mgonjwa huyo "ana hasira" au "ni mkali", atakayepokea zamu atadhani ameelezwa tabia ya mtu, kumbe ameelezwa dalili ya hatari inayotaka hatua ya mara moja. Wahenga walisema hasira hasara. Hapa hasara yaweza kuletwa na neno lenyewe.

Je, dalili hii iitweje? "Hasira" ni neno pana mno. "Harara" nalo halifai, kwani licha ya kutaja tabia, katika zahanati huweza kudhaniwa kuwa ni vipele vya joto. Sisi twapendekeza "wepesi wa kuhamaki". Maneno haya hayamhukumu mgonjwa, tena yaweza kuongezewa wakati: "wepesi wa kuhamaki tangu asubuhi". Tabia ya mtu haianzi asubuhi, lakini dalili yaweza kuanza.

Twawaomba waganga, wauguzi na walimu wayajaribu maneno haya katika kazi zao, kisha watuletee maoni yao. Istilahi hukomaa kwa kutumiwa.