Saa ya ufunguo haitaki nguvu

Kiangazi cha Ufipa ni kuanzia Mei mpaka Oktoba, na vumbi la Kate haliheshimu saa ya mtu. Likichanganyika na jasho, kitufe cha kutilia ufunguo huwa kigumu. Hapo wengine hushika koleo, na saa aliyoacha marehemu baba ikaishia siku hiyo.

Nasema koleo si dawa. Kitufe kimeshikwa na kijiti chembamba cha chuma. Ukikivuta kwa upande, hupinda au kukatika, na cha saa kongwe hakipatikani kirahisi.

Vua saa mkononi. Tazama kama kitufe kimefungwa kwa kuzungushwa, kama kifuniko cha chupa. Basi kifungue kwanza. Kisha kivute kwa ukucha, kikiwa kimenyooka, huku ukikizungusha kidogo. Kikikataa, mpelekee fundi saa. Usitie mafuta ya kupikia, yatanasa vumbi zaidi.

Ukishapanga mishale, kirudishe kitufe mpaka mwisho, vumbi lisiingie. Tia ufunguo taratibu. Ukigoma, acha hapo hapo. Saa imeshiba.