Bakuli la Mama Kabatini: Nani Alilitengeneza?

Ni nadra kuingia nyumba ya wazee mtaani Kaloleni, Makongeni ama Jericho ukose kabati la vyombo. Ndani yake, juu ya kitambaa cha kufuma, hukosi chombo cha kioo ambacho watoto walikatazwa kukigusa. Mwenyewe anapofariki ndipo maswali huzuka: kilitoka wapi, na kina thamani gani?

Familia moja ya Kaloleni imo katika hali hiyo. Marehemu mama yao aliacha bakuli zito la kijani. Kitinda mimba anashikilia kwamba hiyo ni mali ya maelfu, iuzwe watoto walipiwe karo. Dada yake mkubwa hataki hata kusikia. "Mama alipewa na Mzungu aliyemfanyia kazi miaka ya hamsini. Halitoki hapa," asema.

Kabla ya ndugu kununiana, ni heri bakuli lenyewe lipinduliwe lisomwe kitakoni.

Kwanza, ni kioo cha kalibu. Kioo kilichoyeyuka mfano wa uji mzito humiminwa ndani ya kalibu ya chuma, kisha mchi wa chuma hushuka kukikandamiza. Ndiyo maana nakshi huwa upande wa nje ilhali ndani ni laini, na ukipitisha ukucha ubavuni utahisi mstari mwembamba pale vipande vya kalibu vilipokutana. Mbinu hii ilishika kasi Marekani miaka ya 1820, na ndiyo iliyowawezesha watu wa kawaida kumiliki vyombo vya nakshi. Hata huko Uingereza havikuwa vya malodi!

Sasa chapa. Kichwa cha tausi ni cha Sowerby, kiwanda cha Gateshead kilichoanza kuitumia 1876. Simba anayechomoza juu ya mnara ni wa Davidson, wa mji huo huo. Lakini vyombo vingi havina chapa yoyote, ila herufi "Rd" au "Regd" na nambari. Hiyo nambari ndiyo dhahabu. Waingereza walianza kusajili michoro kwa hesabu mpya Januari 1884, wakianzia moja. Kufikia mwanzo wa 1900 walikuwa wamepita 351,000. Mwanzo wa 1930, 751,000. Mwanzo wa 1940, 837,000.

Nambari ya bakuli la Kaloleni ina tarakimu sita na inaanza na 80. Basi mchoro wake ulisajiliwa yapata 1935 au 1936, kabla nyumba za mtaa huo hazijajengwa miaka ya arubaini. Hadithi ya mama yawezekana kabisa, ingawa nambari haiithibitishi: huonyesha mwaka wa usajili tu, na kalibu moja yaweza kutumika miaka mingi baadaye. Jina la aliyesajili limo katika madaftari ya Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, mtaani Kew, London. Kuhusu karo, kitinda mimba asiweke matumaini makubwa. Vyombo hivi vilitolewa kwa wingi mno, na aghalabu bei yake ni ya chini.

Msomaji ambaye hana bakuli la aina hiyo huenda ana sahani ya Pyrex yenye taji na herufi JAJ. Huyo ni James A. Jobling wa Sunderland, kampuni iliyopata haki za kutengeneza Pyrex mwaka 1921. Nazo glasi za Duralex, chapa ya Kifaransa ya tangu 1945, zina nambari ndogo kitakoni. Watoto wa Ufaransa husomeana hiyo nambari kama umri wao. Kwa kweli ni ya kalibu tu.

Chapa ikiwa hafifu, zima taa umulike kwa tochi kutoka kando, au paka unga wa chaki kisha ufute taratibu. Usiikwaruze kwa kisu. Na bakuli la zamani lisimwagiwe maji ya moto ghafla, maana si Pyrex hilo. Litapasuka mikononi mwako hata kabla ndugu zako hawajakubaliana ni la nani.