Shore, Ndege wa Ua na Bustani

Mgeni alalaye usiku mmoja katika mji wa mkulima wa Gesima, huko Nyamira, huamshwa alfajiri na sauti mbili. Ya kwanza ni ya jogoo. Ya pili ni ya ndege mdogo akaaye juu ya mti ulio karibu na jiko. Huyu huimba sauti tatu nne za haraka, akanyamaza kidogo, kisha akarudia zile zile mpaka jua litoke. Ndiye shore. Katika bustani zetu hapana ndege aonekanaye mara nyingi kuliko yeye, na hata hivyo habari zake hazijulikani sana. Wavulana humlenga kwa manati, na wazee hawawakatazi, maana husemwa ya kuwa shore ni mwizi wa matunda. Basi, inafaa tueleze maisha yake, ili mwenye shamba apime mwenyewe hasara na faida aipatayo kwake.

Shore ni ndege wa sentimeta 18 hivi, au zaidi kidogo, na uzito wake kwa kawaida haufiki gramu 50. Kichwa chake ni cheusi, nacho kina kishungi kifupi akiinuacho anapostuka. Mgongo ni wa rangi ya udongo, tumbo ni jeupe, na chini ya mkia ana manyoya ya manjano, kama mtu aliyeficha leso nzuri chini ya koti la kazi. Dume na jike hufanana, hata mtu hawezi kuwatofautisha kwa kuwatazama tu.

Yafaa kumtambua sawasawa, kwa sababu mara nyingi huadhibiwa kwa kosa la mwingine. Yuko ndege aitwaye kuzumburu, mwenye mkia mrefu mwembamba, aendaye kwa makundi na kutambaa ndani ya majani kama panya. Huyo hula matunda, na tena hula machipukizi na majani mabichi, akaharibu mboga kabisa. Shore hana mkia wa namna hiyo, na kwa kawaida huonekana wawili wawili, mume na mke wake.

Wataalamu wa ndege walimwandika shore katika vitabu vyao mwaka 1789, baada ya Mfaransa Desfontaines kumwona Aljeria. Tangu huko kaskazini mpaka Afrika ya Kusini yuko karibu kila mahali, ila katika jangwa kavu na ndani ya misitu minene. Kwa Kiingereza huitwa bulbul, neno lililotoka kwa Waajemi na Waarabu. Lakini bulbul asifiwaye na washairi wa Uajemi ni ndege mwingine, na shore hakuwahi kuimbiwa shairi huko.

Chakula chake ni cha namna nyingi. Hula wadudu, hunyonya utamu wa maua, na zaidi ya yote hupenda matunda madogo laini: mapera yaliyoiva, forsadi, managu, na matunda ya miti ya kienyeji ambayo watu hawayajali. Nyanya zilizoiva nazo huzidonoa. Haya hayawezi kukanushwa. Lakini tazama mazao makubwa ya Gesima. Chai haimhusu kwa kuwa haina tunda la kumtamanisha. Mahindi hayamhusu, maana mdomo wake si wa kuvunja punje. Ndizi huzipenda zikiiva, lakini mkulima hukata mkungu ungali mbichi. Kwa hiyo hasara yake ni ya mapera machache na nyanya chache, na mwenye nyanya akizichuma zinapoanza tu kugeuka rangi, zikaivia ndani ya nyumba, hata hizo hatazipoteza.

Jambo kubwa ni hili: tunda likiisha kuliwa, mbegu huenda wapi? Shore hana meno, wala tumbo lake halisagi mbegu ndogo kama lifanyavyo tumbo la kuku au la njiwa. Nyama ya tunda huyeyuka upesi, na mbegu hutoka nzima, mara nyingi kabla ya saa moja kupita. Wakati huo ndege amekwisha ruka, ametua juu ya ua wa jirani au kwenye ukingo wa mto, na hapo huiangusha pamoja na mbolea yake kidogo. Ndiyo sababu mwanamke huona managu yameota penye ua ambapo hakupanda kitu, akayahamishia bustanini pamoja na chinsaga zake.

Pilipili kichaa ni mfano mzuri zaidi. Mtoto akiitafuna hulia machozi, lakini shore huimeza nzima bila kusumbuka. Watu wengi walidhani ndege amezoea ukali ule. Sivyo. Mwaka 2002 wataalamu wa Marekani, Sven-Eric Jordt na David Julius, walieleza ya kuwa mahali katika mishipa ya fahamu panaposikia moto wa pilipili kwa mwanadamu na kwa panya, kwa ndege hapasikii ukali huo. (Julius alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021 kwa kazi iliyohusu mambo haya ya kusikia joto na maumivu.) Panya hutafuna mbegu akaiua, ndege huimeza na kuitoa nzima. Basi ukali wa pilipili humfukuza yule aharibuye na kumwachia njia yule apandaye.

Kazi hii ya kupanda ina maana kubwa katika nchi kama Gesima, ambapo mvua ni nyingi, watu ni wengi, na mashamba yamegawanywa kwa wana na wajukuu mpaka yamekuwa vipande vidogo. Miti mingi ya kienyeji imekatwa, na mahali pake pamepandwa mikaratusi kwa ajili ya mbao, nguzo na kuni. Mkaratusi una faida yake kwa mwenye nao, lakini mbegu zake ni kavu kama vumbi na hazina tunda la kuliwa. Mti wa kienyeji wenye matunda hauwezi kutembea kurudi shambani ulikofukuzwa. Lazima uchukuliwe, na wachukuzi wake wakubwa, kama vile hondohondo wa msituni, hawaji tena mahali pasipo msitu. Shore amebaki, kwa sababu yeye huridhika na ua na mipera miwili mitatu.

Kule Kakamega jambo hili limechunguzwa. Mwaka 2008 wataalamu walioangalia mipera iliyosimama katika mashamba yanayozunguka msitu walitangaza ya kuwa chini ya mipera hiyo imeota miche ya miti ya msituni, iliyoletwa kwa mbegu na ndege na wanyama wajao kula mapera. Mpera wenyewe si mti wa Afrika, ulitoka Amerika. Lakini ndege ajaye kula pera huwa amekwisha kula kitu kingine njiani, na mbegu yake huiacha pale pale chini.

Tusimsifu kupita kiasi. Shore hachagui mbegu. Yule mmea mbaya wenye miba na maua mekundu na manjano, uitwao lantana, ambao husonga malisho ya ng'ombe, nao pia huenezwa na ndege walao matunda yake meusi, na shore ni mmoja wao. Mwenye shamba hana budi kuung'oa ungali mdogo.

Tago lake ni kikombe chepesi cha nyasi, mizizi na vijiti, lililofichwa katika panda ya mti au ndani ya ua, kwa kawaida si juu sana. Jike hutaga mayai mawili au matatu yenye madoadoa mekundu na ya zambarau, akayaatamia kwa muda wa majuma mawili hivi. Makinda hulishwa na wazazi wote wawili, nao huletewa wadudu na viwavi wengi, maana kinda hawezi kukua kwa matunda peke yake. Viwavi hao huokotwa katika bustani ya karibu, na hii ni faida ambayo watu wachache huihesabu.

Adui zake ni nyoka, paka na kipanga, na yuko adui mwingine mwenye hila, yaani kekeo mweusi na mweupe mwenye kishungi, ambaye hutaga yai lake katika tago la shore. Kinda la kekeo haliwasukumi wenzake nje, kama yafanyavyo makinda ya kekeo wengine, bali hukua upesi na kunyang'anya chakula mpaka makinda ya shore yafe njaa. Shore mwenyewe hulea mgeni huyo bila kumtambua.

Amwonapo nyoka, hata hivyo, shore hanyamazi. Hupiga kelele za ukali, akaruka huku na huku juu ya mahali alipo nyoka, na shore wengine huja kumsaidia, pamoja na ndege wa namna nyingine. Anayesikia kelele hizo mchana katika ua wa nyumba yake na awaite watoto kwanza, kisha aende kutazama kwa fimbo.

Mwenye kukata ua wake naye na apenyeze macho ndani ya matawi kabla ya kuinua panga. Akiona tago lenye mayai, na aache kipande kile kwa mwezi mmoja tu. Tangu yai la mwisho kutagwa mpaka makinda kuruka ni kama majuma manne, na baada ya hapo tago huwa tupu, naye anaweza kukata.