Masisi Ilikuwa Msitu

Anayepanda kutoka Sake kwenda Masisi, mashariki mwa Kongo, huona malisho yameshuka mlima mzima hadi bondeni, na ng'ombe ambao maziwa yao hugeuzwa jibini inayouzwa Goma. Wageni huamini kwamba hii ni nchi ya nyasi tangu zamani. Mimea yenyewe inawakanusha.

Teremka kwenye korongo ambako ng'ombe hawafiki kirahisi. Kando ya kijito kuna kangaga zenye kimo cha mti, zinazotaka kivuli na unyevu, na jirani yake lobelia kubwa, ambayo wasemaji wa Kinyarwanda huiita intomvu. Hizo ni masalia ya msitu. Huko juu zimetawala nyasi za kikuyu. Shina la nyasi hizi hutambaa juu na chini ya udongo, huota mizizi kwenye kila kifundo, na kadiri linavyoliwa na kukanyagwa ndivyo linavyozidi kufunga ardhi. Mbegu ya mti ikiangukia humo haina pa kushika.

Mnamo 1937 serikali ya Wabelgiji ilianzisha mpango wa kuhamishia familia kutoka Rwanda katika milima hii. Yakaja pia mashamba makubwa ya walowezi, na baada ya 1973, Rais Mobutu alipotaifisha mali za wageni, mengi yakawa ya wakubwa wa Zaire. Wenyewe walibadilika, ila malisho yakabaki malisho. Pale yanapochomwa mara kwa mara huingia kangaga fupi za milimani, zenye sumu, ambazo ng'ombe huzipita bila kuzigusa.

Walikale, upande wa magharibi, ni kisa kingine. Eneo hili linazidi kilomita za mraba 23,000, na sehemu kubwa bado ni msitu. Mangongo hutoa majani mapana ya kufungia chikwange, mkate wa muhogo. Mimea ya jamii ya iliki huzaa matunda mekundu chini kabisa, karibu na udongo. Watu huyafyonza, na gorila nao huyapenda.

Katika mimea yote ya huko, mimi huvutiwa zaidi na parasolie. Mti huu hauoti kivulini. Hungoja shamba liachwe, kisha huchipuka kwa kasi, na baada ya takriban miaka 20 huzeeka na kuipisha miti mingine. Mwaka 1993 mauaji yalianzia sokoni Ntoto, hapo Walikale, yakasambaa hadi Masisi, na tangu hapo watu wamekimbia mashamba yao mara nyingi. Ukikuta parasolie za rika moja zimesimama pamoja, kuna uwezekano mkubwa kwamba mtu alikuwa akilima hapo.

Mti wa limbali hauna haraka hiyo. Mbegu yake ni nzito, huanguka karibu na mama yake, na mche huvumilia giza kwa miaka mingi. Msitu wa limbali husogea hatua chache tu kwa kila kizazi cha miti. Ukikatwa, hauna namna ya kuruka malisho ili kurudi.

Amri ya serikali ya 2014 inaruhusu jamii za wenyeji kupewa haki ya kusimamia msitu wa hadi hekta 50,000, na Walikale wapo walioitumia. Ramani zinapochorwa, miti ya mbao huhesabiwa kwanza. Ningependa wazee wanaojua mangongo na limbali watangulie mbele ya msafara, wenye vipimo wafuate nyuma.