Pundamilia si Shahidi wa Farasi

Kila likizo ya Juni au ya Desemba inapokaribia hunijia swali lile lile, ambalo mara huandikwa na mwalimu, mara na bwana arusi mtarajiwa atakaye kumpendeza mwenzake, na mara na kijana aliyezaliwa Rulenge, huko Ngara, akakulia Dar es Salaam, ambaye sasa ana shauku ya kurudi kwao kwa fahari: wapi atakodi farasi wawili au watatu, kwa siku moja tu, wapande Rulenge alfajiri, wapite vilimani, wayatazame maporomoko ya Rusumo, wapunge upepo kando ya Ziwa Burigi, na magharibi iwakute wamekwisha kurudi? Nami hujibu kwamba farasi wa kukodi huko hakuna, na kwamba hata angekuwapo nisingemshauri mtu kumtia katika njia hiyo, ndipo inapokuja hoja ambayo nimeisoma mara nyingi hata nimeihifadhi: "Daktari, mbona pundamilia wamejaa Burigi, na pundamilia si ndugu yake farasi?"

Naam, ni ndugu yake, na udugu huo ndio unaonitia hofu. Lakini kabla ya kuuingia, niiondoe njiani hesabu ambayo waulizaji aghalabu hawaifanyi. Kutoka Rulenge hadi Rusumo, hata ndege arukaye kwa mstari ulionyooka hupita zaidi ya kilomita 30, na barabara za nchi ile ya vilima hazijapata kunyooka. Ziwa Burigi liko mbali zaidi, kaskazini mashariki, ng'ambo ya mapori. Farasi mwenye afya, aliyebeba mpandaji asiyezoea tandiko, hutembea kilomita 6 au 7 kwa saa, na siku njema kwake ni kilomita 30 au 40 pamoja na mapumziko ya maji na malisho. Kwa hiyo hata kama dunia isingekuwa na nzi hata mmoja, safari inayoombwa si ya siku moja bali ya juma zima.

Nzi wapo. Vilima vya Ngara vilivyojaa migomba, mibuni na ng'ombe wa pembe ndefu, ambako Wahangaza na Washubi wamelima tangu zama, havimfai sana ndorobo, yule ambaye watu wa pwani humwita mbung'o, kwa sababu wingi wa watu na mashamba yao umemnyang'anya kivuli chake. Lakini ukiteremka kuelekea Biharamulo na mapori yale ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi, ambayo mwaka 2019 yaliunganishwa yakawa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, umeingia katika milki yake. Hapo si mahali pa kubahatisha: katika miaka ya 1930 serikali ya Kiingereza iliwahamisha watu wa sehemu za Biharamulo kutoka vijiji vyao vilivyotawanyika, ikawakusanya katika makazi ya pamoja, kwa hadhari ya malale tu, ugonjwa ambao nzi huyu huwaambukiza watu. Nchi iliyowashinda wanadamu kukaa mmoja mmoja, mtu anataka kumpeleka farasi akatalii.

Sasa turudi kwa pundamilia. Wasemao kwamba mahali anapoishi pundamilia farasi naye ataishi, wanamfanya pundamilia kuwa shahidi wa upande wao bila ya kumhoji. Nikimhoji mimi, husema mambo matatu, na yote matatu yanamdhuru farasi.

La kwanza ni nasaba. Pundamilia amekaa na ndorobo katika bara hili tangu dahari, na katika muda huo wale wasioweza kustahimili vimelea vya nagana, ugonjwa ambao nzi huyu huwaambukiza wanyama, walikufa bila ya kuacha watoto, ilhali farasi ni mnyama wa nyika baridi za Asia, aliyeletwa kwetu kwa majahazi na meli, na damu yake haikupata kufundishwa adabu ya nzi huyu. Katika mifugo yote ya mwanadamu, farasi ni mmojawapo wa wale wanaoanguka upesi zaidi: homa, kuvimba tumbo chini na miguu, macho kutoa machozi, kukonda huku anakula, kisha viungo vya nyuma kupooza na mauti. Katika mwaka 1916 majeshi ya wapanda farasi kutoka Afrika Kusini yaliingia katika nchi yetu kupigana na Wajerumani, yakafika Kondoa Irangi kwa ushujaa mkubwa, na waliowaangamiza farasi wao kwa maelfu hawakuwa askari wa Kijerumani bali wadudu na mvua. Pundamilia, katika mbuga zile zile na miezi ile ile, waliendelea kula majani yao.

La pili ni mistari. Damu inayokutwa tumboni mwa ndorobo imechunguzwa na wataalamu kwa miaka mingi, na damu ya pundamilia huonekana humo kwa nadra, hata mahali wanapojaa. Nzi huyu hupendelea nguruwe pori, nyati na pongo, na wengi wanadhani kwamba ile mistari myeusi na myeupe humvuruga macho asijue atue wapi. Hapa ndipo ulipozaliwa utabibu wa mitaani ambao umenichosha kuliko jambo lolote katika kazi hii: mpake farasi chokaa kwa mistari, asema mmoja, mfunike shuka yenye mistari, asema mwingine, mchanganyie na oili chafu ya gari, asema wa tatu, nzi hatamkaribia. Wala si fikra mpya. Katika Vita Kuu ya kwanza Waingereza waliwahi kumpaka farasi mdogo mweupe mistari katika nchi hii hii ili adui amdhanie pundamilia, na picha ya kichekesho hicho ipo hata leo.

Ukweli wa kitaalamu ni huu. Mwaka 2019 mtaalamu wa wanyama Tim Caro na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi waliofanya Uingereza, ambako waliwavika farasi mavazi yenye mistari na kuwatazama pange, wale nzi wakubwa waumao mifugo. Pange walimwendea farasi mwenye mistari kwa wingi ule ule kama farasi mwingine, ila walishindwa kutua juu ya vazi. Lakini kichwani, ambako vazi halikufika, walitua sawasawa. Mwaka huo huo wataalamu wa Japani waliwapaka ng'ombe weusi mistari myeupe, na nzi waliowatua wakapungua kiasi cha nusu. Nusu! Mtu husikia nusu akafurahi, kana kwamba ananunua kitambaa. Ndorobo mmoja mwenye vimelea, akichoma mdomo wake mara moja katika sikio la farasi, ametimiza kazi yote. Basi kupunguza wale ishirini wakabaki kumi ni kumpunguzia farasi muwasho, si kumwokoa na kifo. Na pange si ndorobo. Oili chafu nayo huunguza ngozi, humtia farasi joto, naye huilamba ikamdhuru tumbo.

La tatu ndilo zito, na ndilo wasilolijua hata baadhi ya watu waliosoma. Mbali na nagana, farasi ana adui mwingine katika Afrika, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na usubi, vile vijidudu vidogo viumavyo tangu magharibi hadi alfajiri, ambao ukishika mapafu humwua farasi kwa siku chache, povu likimtoka puani, na mara nyingi asubuhi ile alikuwa mzima anakula. Pundamilia huubeba ugonjwa huo katika damu yake kwa majuma kadhaa bila ya kuugua. Mwaka 1987 Uhispania iliingiza pundamilia kutoka Namibia kwa ajili ya bustani ya wanyama karibu na Madrid, na kwa wageni hao ugonjwa ukaingia katika nchi ile, ukarudi mwaka baada ya mwaka hata 1990. Na ulipozuka Thailand mwaka 2020, ukaua farasi zaidi ya mia tano, macho ya matabibu yaligeukia pundamilia walioingizwa kutoka Afrika. Kwa hiyo pundamilia wengi wa Burigi si burhani ya usalama. Ni ghala la maradhi, na mtu anayemleta farasi karibu nao kwa sababu wapo, amesoma alama kinyume.

Hapo muulizaji mjanja hubadili njia: basi tutasafiri usiku, kama wafanyavyo wachungaji, maana ndorobo huuma mchana. Kweli wachungaji wa zamani walivusha ng'ombe usiku katika nchi ya nzi, na walikuwa na akili. Lakini ng'ombe hafi kwa ugonjwa wa usubi, na farasi hufa. Mchana ni wa ndorobo, usiku ni wa usubi. Saa ya tatu haikuumbwa.

Hubaki neno lile "siku moja tu". Mwaka 1909 tabibu wa Kijerumani Friedrich Karl Kleine, akifanya kazi katika ukanda huu huu wa Ziwa Victoria, alionyesha kwamba vimelea hukua ndani ya nzi kwa majuma kadhaa kabla ya nzi kuweza kuambukiza, na baada ya hapo hubaki na hatari yake maisha. Maana yake ni kwamba nzi hahitaji siku yako; ameshajiandaa kabla hujafika, anangoja dakika moja. Na baada ya kuumwa, farasi hukaa juma moja au matatu ndipo aanze kuonyesha dalili. Mgeni humrudisha jioni, humpigapiga shingo, huandika kwamba safari ilikuwa salama na farasi alikula vizuri, kisha hupanda basi akaenda zake. Anayemzika farasi ni mwenyewe.

Na sindano? David Livingstone alimtibu farasi jike aliyeumwa na nzi huyu kwa kumlisha aseniki, naye akanenepa na manyoya yake yakang'aa, kisha akafa. Habari hiyo aliitangaza katika jarida la matabibu wa Uingereza mwaka 1858, na tangu hapo hakuna mwaka uliopita bila mtu kugundua aseniki yake. Siku hizi ni dawa ya ng'ombe. Diminazini, ambayo kila duka la mifugo linayo, farasi huistahimili kwa shida, na kipimo kikizidi kidogo huweza kumwua kabla ya nagana. Isometamidiamu, kinga ya ng'ombe ya miezi kadhaa, humvimbisha farasi vibaya pale ilipochomwa. Chanjo ya ule ugonjwa wa usubi ipo, hutengenezwa Afrika Kusini, lakini hutolewa kwa mpango na mapema, si asubuhi ya safari. Nawasihi wauza dawa waache kumjibu mtu "choma tu".

Wapo wanaoniletea picha za Hifadhi ya Ziwa Mburo, Uganda, ambako watu hupanda farasi katikati ya pundamilia bila ya wasiwasi. Picha ni za kweli. Lakini huko Ankole, iliko hifadhi hiyo, ndorobo alipigwa vita katika miaka ya 1950 na 1960 kwa kukata vichaka na kuua wanyama pori kwa maelfu, jambo ambalo leo hakuna angependa lirudiwe. Farasi wa Mburo anaishi kwa sababu nzi aliondolewa, si kwa sababu pundamilia alibaki.

Mnataka cha kufanya, haya. Rusumo nendeni kwa gari au bodaboda kupitia Ngara mjini, mkitoka alfajiri. Mito ya Ruvubu na Kagera hukutana juu kidogo ya maporomoko, na hapo pana daraja, mpaka wa Rwanda na mtambo wa umeme wa megawati 80 wa nchi tatu, kwa hiyo chukueni vitambulisho na ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha. Vilima vya Rulenge vitembeeni kwa miguu pamoja na mwenyeji, baada ya kupita ofisi ya kijiji. Burigi iwekeeni siku yake: gari lililofungwa madirisha, kibali cha hifadhi, nguo za rangi ya udongo, kamwe si za buluu wala nyeusi, maana rangi hizo ndizo tunazoshonea mitego ya ndorobo. Wala msimwingize punda badala ya farasi; yeye ni mvumilivu zaidi lakini nagana humpata, na sheria za hifadhi hazimruhusu mnyama wa kufugwa bila idhini. Mwenye kiu ya tandiko aende Mburo, au nyanda za juu za Mufindi, au miteremko ya Kilimanjaro na Meru, au fukwe za Unguja, kisiwa ambacho kilitangazwa kuwa hakina mbung'o mwaka 1997 baada ya madume yaliyohasiwa kwa mionzi kurushwa kwa ndege. Na mtu akirudi kutoka Burigi au Biharamulo, kisha ndani ya majuma matatu akashikwa na homa, au akaona kivimbe chekundu chenye maumivu pale alipoumwa, amwambie tabibu alikuwa wapi, naye apimwe damu kwa darubini, kwa maana kile kipimo cha haraka cha malaria hakivioni vimelea vya malale.