Sanamaki Chini ya Hadubini

Sanamaki, dawa ya kulainisha choo inayofahamika sana katika maduka ya dawa za asili ya pwani ya Afrika Mashariki, ni majani ya mmea ambao wanasayansi huuita Senna alexandrina, na maadamu majani hayo yangali mazima, mjuzi huyatambua kwa ncha yake kali na kwa kitako chake kisicholingana pande mbili. Yakishasagwa, alama hizo hupotea zote, ndipo inapohitajika anatomia, yaani elimu ya muundo wa ndani wa viumbe.

Unga kidogo huwekwa juu ya kioo, hutiwa matone ya kloral haidreti, kemikali inayoondoa klorofili na wanga ili kuta za seli zionekane wazi, kisha hupashwa moto taratibu. Kinachotafutwa kwanza ni vinyweleo: vya sanamaki ni vya seli moja tu, vyenye ukuta mnene uliojaa vinundu kama chunusi, na mara nyingi hupinda karibu na kitako. Alama hii ina uzito mkubwa, kwa kuwa majani ya Solenostemma argel, mmea wa Misri na Sudan ambao tangu zamani umekuwa ukichanganywa na sanamaki, yana vinyweleo vya seli mbili au tatu. Penye mishipa huonekana safu za seli ambazo kila moja imebeba fuwele ya kalsiamu oksaleti.

Hata sanamaki ya Aleksandria na ile ya India, ambazo leo huhesabiwa kuwa spishi moja, hutofautishwa kwa kipimo cha stomata, yaani vitundu ambavyo jani hupitishia hewa: kati ya kila seli 100 za ngozi ya jani, vitundu vikiwemo, stomata za ile ya kwanza huwa takriban 11 hadi 13, na za ile ya pili 17 hadi 20.

Vijiti vilivyosagwa ili kuongeza uzito hufichuliwa na floroglusinoli ikitiwa pamoja na asidi ya haidrokloriki, kwani lignini, dutu inayokaza miti, hugeuka nyekundu. Ila mishipa ya jani nayo ina lignini, hivyo wekundu peke yake si ushahidi, bali wingi wake. Kiasi cha senosidi, kemikali zinazoifanya sanamaki iharishe, hadubini haikioni kabisa, na hicho hupimwa kwa njia za kikemia.